Mijakaranda ya Kepteni

Kamba ya mche wa kwanza ilipofunguliwa, mche uliinama polepole, bila haraka yoyote, hadi majani yake ya juu yakagusa kiatu cha Afisa Bustani. Afisa alikitazama kiatu, akautazama mche, kisha akamtazama Kepteni. Kepteni alikohoa.

"Huo una usingizi," alisema. "Nitakufungulia wa pili."

Wa pili ulilala upande wa kushoto. Wa tatu ulijikaza kidogo, ukampa mwenyewe matumaini, halafu ukakunjika katikati. Wa nne Afisa aliufungua kwa mkono wake, labda akidhani mzee ana mkosi, na huo ndio ulioanguka kuliko yote. Ng'ambo ya ukuta, Seremala aliacha kupiga randa. Ukuta ule ulikuwa mfupi, na Seremala alikuwa mrefu, na hakuna jambo la jirani lililowahi kumpita.

"Mzee wangu," Afisa alisema kwa sauti ya chini, "hii ni miti au ni nguo za kuanika?"

Alikuwa mama wa makamo, mtu wa maneno machache, aliyetumwa na hospitali mpya. Hospitali ilikwisha jengwa na kupakwa rangi, ila uwanja wake ulikuwa mweupe kama sahani. Ndugu wa wagonjwa walikaa juani tangu asubuhi wakisubiri saa ya kuona watu wao. Ilihitajika mijakaranda mia na hamsini, kutoka lango kuu hadi wodi ya mwisho, na Kepteni ndiye aliyepewa kazi hiyo. Ilikuwa oda yake ya kwanza. Aliilea miche ile miezi kumi na minne, na kitalu kizima nyuma ya nyumba hakikuwa na kitu kingine cha maana isipokuwa hiyo.

Mtaani walimwita Kepteni, na hakuwahi kuwa kepteni hata siku moja. Alikuwa serahangi, mkuu wa mabaharia wa sitaha, kwa miaka mingi kati ya thelathini na mitatu aliyokaa melini. Kila alipoitwa Kepteni alisahihisha: "Kepteni hashiki kamba. Mimi ndiye niliyeshika kamba." Watu walimsikiliza, wakaitikia kwa adabu, wakaendelea kumwita Kepteni.

Na kamba kweli aliishika. Ungekiona kitalu chake ungevua viatu kabla ya kuingia. Vile viriba, mifuko myeusi ya kuoteshea miche, vilipangwa mistari iliyonyooka kama imepigwa rula. Mpira wa maji ulizungushwa duara sakafuni, mdomo ukiangalia ndani. Njia zilifagiwa kila siku, na neti ya kivuli juu ilivutwa hadi ikalia ukiigonga. Kila mche ulifungwa kwenye ufito kwa kamba ya nailoni mahali patatu, chini, katikati na juu. Ufito ulifungwa kwenye waya, na waya ukafungwa kwenye nguzo. Kingekuja kimbunga, kingebeba nyumba na kuiacha miche.

Afisa alichuchumaa, akalishika shina la mche ulioanguka kwa vidole viwili. Lilikuwa jembamba kama penseli, na mche wenyewe ulimzidi Kepteni kimo.

"Nani alikuambia uifunge hivi?"

"Hakuna. Kitu chochote kinachoweza kuanguka, unakifunga. Ndiyo kazi yangu."

"Sasa ona. Mti unanenepa shina kwa sababu upepo unausukumasukuma. Ukiufunga usitikisike, unakimbilia juu tu, mrefu, mzuri wa macho, lakini hauna mgongo. Hii haijawahi kujisimamia hata siku moja."

Kepteni aliokota kamba iliyofunguliwa, akaikunja. Alikuwa na umri wa miaka sitini na moja, na mara ya mwisho kuambiwa hajui kufunga kitu alikuwa bado hajaota ndevu.

Afisa alisimama, akapangusa kiatu. Alisema yuko bwana mmoja mwenye kitalu barabara kuu, ana miti iliyo tayari, amempigia simu mara tatu wiki hii. Lakini miti ya bwana yule ilikuwa na wadudu, na yeye hakupenda kupeleka wadudu hospitalini. "Nakupa wiki kumi. Nikirudi nitaitikisa mmoja mmoja. Itakayosimama nitachukua. Isiyosimama, utanisamehe."

"Wiki kumi zinatosha?"

"Mimi sijui. Wewe ndiye mwenye kitalu."

Alipotoka, Seremala aliweka kidevu juu ya ukuta. "Jirani, kama unataka za kusimama, nina mbao."

*

Mkewe alikuwa amesikia yote kutoka dirisha la jikoni. Alimimina chai, akamsogezea kikombe, akakaa mbele yake na kukunja mikono. Kwa mwanamke yule, kunyamaza kulikuwa ni kusema kwa sauti ya juu kabisa.

"Sema tu, Mama Watoto," Kepteni alisema. "Usijizuie, utaumwa."

"Niseme nini? Si nilikwambia. Nilikwambia mwezi wa pili: Baba Watoto, mbona unaifunga kama wafungwa? Ukaniambia nisiingilie mambo ya sitaha."

"Nilikosea."

Mkewe alimtazama vizuri. Neno hilo hakulizoea kutoka kwake, na lilimkata kasi. Alikuwa ametayarisha mengine saba ya kumwambia, sasa akakosa pa kuyaweka.

"Unajua kwa nini nafunga," Kepteni alisema.

Alijua. Mwaka mmoja, katika bahari chafu, kreti moja la vipuri lilikatika kamba na kumbana baharia mwenzake kwenye ukuta wa chuma. Kamba ile hakuifunga Kepteni, lakini tangu siku hiyo alifunga kila kitu mwenyewe na kukagua mara mbili. Alirudi likizo akafunga kabati la vyombo. Alifunga kitanda cha mtoto. Watoto wakakua wakidhani kila nyumba ina meza zilizofungwa kwenye ukuta, na binti yao alipoolewa aliona meza ya mumewe inasogea akashtuka.

"Najua," mkewe alisema, na sauti yake ikalainika. "Lakini hapa sakafu imetulia, Baba."

Kabla chai haijapoa simu ililia. Alikuwa Wakala, yule anayetafutia mabaharia meli. Kepteni alisimama alipoisikia sauti yake, akanyoosha mgongo, akaanza kujibu kwa mkato: ndiyo, naam, tani ngapi, miezi mingapi. Mkewe alimwona akiwa mtu mwingine pale pale jikoni, mdogo kwa miaka kumi. Alichukua vikombe akavipeleka kwenye karo, ingawa cha Kepteni kilikuwa hakijanywewa.

"Wanataka serahangi," Kepteni alisema alipokata simu. "Meli ya mizigo. Miezi kumi. Aliyekuwepo amevunjika nyonga."

"Unaondoka lini?"

"Sijasema naondoka. Inang'oa nanga wiki ya sita kutoka leo. Anataka jibu kabla ya wiki ya tatu kwisha."

Wote wawili walijua kuhesabu. Wiki ya sita ni kabla ya wiki ya kumi. Mtu hawezi kuwa melini na hapohapo akawa kitaluni akisubiri miti inenepe. Akienda, miti ingekufa au ingeuzwa kuni, na kitalu kingebaki neti na viriba vitupu. Asipoenda na miti ikakataliwa, kiinua mgongo chake chote kilichoingia kwenye tangi, neti na udongo kingekuwa kimekwenda na maji, na meli nayo ingekuwa imekwenda, kwa sababu hakuna anayemwajiri mtu wa miaka sitini na mbili. Goti lake la kulia lilikuwa limeshaanza kupanda ngazi kwa manung'uniko.

Mkewe alisuuza vikombe. Kumwomba abaki, hakuwahi kumwomba. Tangu mwaka wa kwanza wa ndoa alijiwekea sharti hilo: asije akaonekana mwanamke wa kulia bandarini. Wake wa mabaharia wengine walilia, yeye alishika sanduku la mumewe mpaka getini, akasema safari njema, akarudi kufua. Sharti hilo lilimsimamisha miaka yote, na sasa lilimzuia kusema.

*

Kesho yake asubuhi Kepteni alikuwa amekaa kwenye ndoo aliyoipindua, ameshika tama, akiangalia miti yake. Mkewe alipita na beseni la nguo, na kama kila siku, alipofika kwenye mlango wa uani alijipenyeza na kuusukuma kwa nyonga mche uliokuwa pale.

Mche huo ulikuwa wa aibu. Siku ya kufunga, kamba iliisha ukiwa umebaki huo mmoja, Kepteni akautupa mlangoni akisema atarudi, hakurudi. Ulikuwa mfupi, umepinda kidogo, na kila aliyeingia na kutoka aliupiga kikumbo: mkewe na beseni, Kepteni na toroli, muuza maziwa na baiskeli yake. Afisa alipokuja, Kepteni aliusimamia mbele kwa makusudi asiuone.

"Rudi," Kepteni alisema ghafla.

"Nirudi wapi? Nguo nzito hizi."

"Pita tena hapo mlangoni."

Mkewe alidhani jua limempata mzee. Alipita. Mche ulisukumwa, ukayumba, ukarudi mahali pake ukasimama. Kepteni aliinuka kwenye ndoo, akaenda kupiga goti lile lile bovu kwenye vumbi, akaushika. Shina lilikuwa nene kama mpini wa ufagio. Aliutikisa. Aliutikisa kwa nguvu zaidi, na mche ukamrudishia mkono.

"Huu hujaufunga," mkewe alisema.

"Sikuufunga."

"Na tunaugonga kutwa."

"Mnaugonga kutwa," Kepteni aliitikia, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeona nchi kavu. Alisimama akamwita Seremala juu ya ukuta amwazime kisu kikali, kwa kuwa chake kilikuwa butu, na kusema kweli hakutaka kutumia chake kukata mafundo yake mwenyewe.

Walikata kamba siku mbili. Mafundo yale yalikuwa mazuri, hayakulegea hata moja, na kila alipolikata moja Kepteni aliguna kama mtu anayeng'olewa jino. Kila mche uliokatwa ulianguka. Ilipofika mchana wa siku ya pili, miche mia na hamsini ilikuwa imelala chini huku na huku, na uwanja uliokuwa safi kama sitaha ya meli ya abiria ukafanana na sehemu iliyopitiwa na ng'ombe.

"Salaala," Seremala alisema. "Umewapa likizo wote kwa pamoja?"

"Nawaamsha kesho."

Kuwaamsha kulikuwa kazi ya kikatili. Miti mirefu na mashina membamba haikuwa na la kufanya ila kupunguzwa. Kepteni alichukua mkasi wa kupogolea, akaikata yote usawa wa kifua chake, nusu ya uzuri wake ikaanguka chini. Miezi kumi na minne alikuwa akiwaonyesha wapita njia urefu ule. Sasa alibaki na vijiti mia na hamsini vyenye majani machache, na baadhi havikuwa na jani kabisa. Mkewe alimwona anafuta uso kwa mkono wa shati, akajifanya hakuona.

Kisha waliitoa yote chini ya neti, wakaipanga uwanjani penye jua na upepo, ikiwa mbalimbali ili kila mmoja upate nafasi ya kuyumba. Asubuhi, mchana na jioni, kabla ya kumwagilia, waliipitia na mpini wa ufagio, wakiusukuma kila mche huku na kule mara ishirini. Siku ya kwanza Kepteni aliandika ratiba ya zamu kwenye kadibodi, akaitundika: zamu ya alfajiri, zamu ya adhuhuri, zamu ya jioni, na jina la mkewe kwenye mbili kati ya hizo.

Mkewe aliisoma, akaichomoa, akaitumia kuokotea taka. "Mimi si baharia wako. Nitatikisa ninapotaka."

Alitikisa kila siku kuliko yeye.

*

Wakala alikuja mwenyewe katikati ya wiki ya tatu. Serahangi mwenye miaka thelathini na mitatu ya bahari hapatikani dukani, na kwa kila baharia aliyempeleka melini Wakala alikuwa na fungu lake. Aliingia uani kwa viatu vinavyong'aa, mkoba kwapani, akamkuta Kepteni ameinama anasukuma vijiti kwa ufagio.

"Serahangi! Ndiyo nini hii?"

"Kazi."

"Unafagia hewa?" Wakala alicheka, akageuka kutafuta wa kucheka naye. Seremala, ambaye kwa kawaida alicheka bure, safari hii aliinamia randa yake. "Kaka, watu walikuwa wanatetemeka ukipiga filimbi. Leo unapapasa majani. Tena majani yenyewe hakuna."

Kepteni aliegemeza ufagio ukutani, akaona haya. Ilikuwa kweli kwamba vijiti vile havikuwa na sura. Ilikuwa kweli pia kwamba siku ile asubuhi alivipima kwa uzi, na havikuonyesha tofauti yoyote aliyoweza kuapa nayo. Alijiona alivyoonekana: mzee mwenye suruali yenye tope magotini, nyuma ya nyumba ya vyumba vitatu, anasukuma vijiti.

Wakala alifungua mkoba, akatoa karatasi. "Nimekuletea hapa hapa. Weka sahihi, kesho daktari, wiki ijayo unachukua tiketi. Hawa," alionyesha miti kwa kalamu, "mwachie mama."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina sabuni. Alisikia ile "mwachie mama." Alikuwa ameachiwa mengi: watoto wenye surua, paa linalovuja, msiba wa mama mkwe wake aliyemzika bila mwana wake kuwepo. Aligeuka akaingia ndani.

Kepteni alishika kalamu ya Wakala kidogo, akairudisha. "Nisubiri," alisema.

Alimkuta mkewe amekaa ukingoni mwa kitanda, anajifuta mikono kwa kanga, mikono iliyokwisha kauka.

"Unasemaje?" Kepteni aliuliza.

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu hiyo karatasi."

"Mara zote ulisaini hukuniuliza. Thelathini na mitatu, hata mwaka mmoja hukuniuliza. Ulikuja na tiketi mkononi, ukaniambia tarehe."

"Ulikuwa unasema safari njema."

"Ulitaka niseme nini? Tiketi imekwisha katwa!" Sauti ilimpanda, ikagonga ukuta, na huko nje Wakala akaacha kupekua mkoba wake. "Ulitaka nikuvute shati? Ndugu wa kusaidia, nyumba, ada za watoto, ningekuzuia kwa mdomo gani?"

Kepteni alikaa kando yake. Kitanda kililia. Alikuwa amezoea watu wanaojibu amri, na hakujua vizuri namna ya kuuliza jambo ambalo jibu lake lilikuwa na nguvu juu yake. Alianza, akaacha, akaanza tena.

"Basi nakuuliza leo. Nimechelewa, najua. Nakuuliza. Nikae?"

Mkewe alilikumbuka lile sharti lake la zamani, akachoka nalo kabisa.

"Kaa," alisema. Halafu akalia, si kidogo, akalia kama wale wake wa mabaharia bandarini, na Kepteni aliyefunga mizigo ya bahari zote hakujua aweke wapi mikono yake. Mwishowe aliiweka mabegani pa mkewe.

"Na wakiikataa miti?" mkewe aliuliza, akipenga kamasi.

"Tutaotesha mingine."

"Na tutakula nini?"

"Tutakula Wakala."

Mkewe alicheka huku machozi yakimtoka. Kepteni alitoka nje, akamrudishia Wakala karatasi ikiwa nyeupe vilevile. Wakala alimwuliza kama ana akili timamu. Alimwuliza kama anajua kwamba jina lake likitoka kwenye orodha halirudi. Kepteni alijibu kwamba anajua, akamsindikiza hadi mlangoni, na Wakala alipojipenyeza kutoka, alipigana kikumbo na ule mche wa aibu, ukampaka vumbi koti zima.

"Usukume tena!" Seremala alipaza sauti juu ya ukuta. "Unausaidia!"

*

Wiki ya tano vijiti vilichipua. Wiki ya saba majani yake, madogomadogo kama ya mkwaju, yalikwisha funika vidonda vya mkasi, na uzi wa Kepteni ulionyesha tofauti ambayo hata Seremala aliikubali, naye alipima kwa rula yake ya kazini. Meli iling'oa nanga wiki ya sita. Siku hiyo Kepteni alitikisa miti mara nne, na hakuna aliyemwuliza sababu. Mkewe alimsikia akipiga mluzi, wimbo usio na kichwa wala miguu, na akaona hana wasiwasi hata kidogo juu ya mzee huyo. Juu ya miti alikuwa nao.

Afisa Bustani alikuja siku ileile aliyosema, na lori nyuma yake, jambo ambalo Kepteni alilichukulia kuwa dalili njema na mkewe akalichukulia kuwa ni lori tu. Alisimama mlangoni mwa kitalu akaduwaa.

"Mzee wangu, miti yangu iko wapi?"

"Ndiyo hii."

"Ile ilikuwa mirefu."

"Ile ilikuwa mirefu," Kepteni alikubali. "Hii inasimama."

Afisa hakupoteza maneno. Alianza mstari wa kwanza, akaushika mche kifuani, akausukuma kwa nguvu kuelekea chini na kuuachia. Ulirudi. Akaenda wa pili. Kepteni alimfuata hatua mbili nyuma, mikono nyuma, kama zamani alipomfuata mkaguzi melini, ila zamani hakuwahi kukauka mate. Mkewe alikaa kwenye ile ndoo, amejifunga kanga kiunoni, midomo inahesabu. Seremala alisimama waziwazi ukutani, hakujificha tena.

Wa ishirini na sita ulibaki umeinama. Afisa aliuweka pembeni. Wa ishirini na tisa pia. Katikati ya mstari wa nne ilianguka mitatu mfululizo, na Kepteni akatazama juu mawinguni. Lakini mstari wa tano ulisimama wote, na wa sita, na wa saba. Kazi ilichukua saa moja na nusu. Alipomaliza, Afisa alikuwa na jasho, na pembeni palikuwa na miti thelathini na mmoja.

"Mia na kumi na tisa," alisema. "Hiyo mingine ipe muda, nitaifuata mwakani kwa ajili ya nyumba za wauguzi."

Kepteni alijibu "naam" moja tu. Hakujiamini kuongeza ya pili.

"Na ule wa mlangoni," Afisa aliongeza, "ulionifichia siku ile ukidhani sikuuona. Huo nitauweka mbele ya wodi ya wazazi. Jumla mia na ishirini."

Seremala aliruka ukuta, ruhusa hakuomba, akaanza kubeba viriba kupeleka kwenye lori. Mkewe aliinuka kutoka kwenye ndoo, akajishika kwenye nguzo, akacheka peke yake. Afisa alitoa kitabu cha fomu, akakiweka juu ya tangi la maji, akamkabidhi Kepteni kalamu. Aandike mwenyewe, alisema, hospitali inataka mwandiko wa mwenye mali: nini, ngapi, nani, wapi anapatikana.

Kepteni aliandika miche ya mijakaranda. Aliandika mia moja na ishirini. Aliandika jina lake lote, lile la karatasini, kwa herufi kubwa. Kisha kalamu ikasimama. Lori lilikuwa limewashwa, dereva alikuwa anaangalia saa, na Afisa alikuwa anasubiri.

Miaka yote alipojaza fomu, mahali pa anwani aliandika jina la meli, na chini yake ofisi ya Wakala. Barua zake zilimfuata baharini. Bili za maji na umeme za nyumba hii zilikuja kwa mkewe, fomu za shule zilijazwa na mkewe, fundi alielekezwa na mkewe. Kepteni aliangalia ile nafasi tupu. Alijaribu kukumbuka, akagundua hakuna cha kukumbuka, kwa kuwa hakuwahi kujua.

"Mama Watoto," aliita taratibu.

"Abee."

Aliinama kwenye sikio lake. "Nyumba yetu namba ngapi?"

Mkewe alimtazama. Angeweza kusema mengi, na mengine alikuwa nayo tayari tangu zamani, yamepangwa vizuri. Lakini alimwona alivyoshika kalamu, amekodoa macho, anasubiri.

"Mia mbili kumi na nne," alisema. "Ya mlango wa kijani."

"Mlango naujua."

"Basi andika."

Akaandika.